Kochi la Bibi Remedios

Nyie mnaopita hapa kwangu Kawajense na vyeti vyenu vya kulea wazee, mkiniuliza Ulaya kukoje, jibu langu ni lile lile: Ulaya siijui. Najua mji mmoja tu wa Hispania, mdogo, mkongwe, wenye kanisa moja na duka la mikate linalotembea kwa magurudumu. Nilikaa huko miaka kumi na moja nikimlea mwanamke mmoja, kwenye mtaa wa nyumba kumi na nne. Habari za Ulaya nzima waulizeni wanaopita na ndege. Mimi nitawaambia habari za kazi, na za kochi moja.

Tuanze na kazi, maana najua mnadhani ni huruma tu. Kulea mzee si kumpenda mzee. Upendo utakuja wenyewe, au hautakuja, lakini kisigino cha mgonjwa hakiusubiri. Hilo nilifundishwa na Mama Tekla, mkubwa wetu kwenye nyumba ya wazee ya masista hapa Mpanda, nilipofika pale msichana wa Kabungu nisiyejua hata kutandika shuka ikanyooka. Siku ya kwanza nilitaka kumkalisha babu mmoja, nikamshika mkono nikavuta. Mama Tekla akanipiga kofi la mgongo.

“We Anastazia! Huyo si kuku, usimshike bawa!”

Akachukua kanga, akaikunja mara mbili, akaipitisha chini ya makalio ya yule babu. Akapanda goti moja kitandani, akavuta kanga kwake taratibu, na babu mzima na mifupa yake akageuka ubavu bila hata kuguna. Siku hizi zimekuja mashine za kunyanyulia watu, nami nimezitumia, ni nzuri. Ila umeme ukikatika mashine inalala, kanga hailali. Mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili. Tazama visigino, nyonga na mfupa wa mkiani, ndipo vidonda vya kulala vinapoanzia. Wenzetu weupe kidonda kinachokuja utakiona kwa wekundu, lakini kwenye ngozi yetu usitafute wekundu, gusa kwa mgongo wa mkono usikilize joto. Na kabla hujamgusa mtu, piga hodi, hata kama hasikii, hata kama hakujui tena. Mwili wa mtu ni nyumba yake.

Sasa nilifikaje Hispania mtoto wa mkulima wa mihogo? Pale kwetu alikuwepo Sista Pilar, muuguzi Mhispania aliyekaa huku hadi Kiswahili chake kikawa cha sokoni na ugali akawa anaumega vizuri kuliko mimi. Mama yake, Bibi Remedios, alikuwa peke yake kule kwao, akaanguka akavunjika nyonga. Sista ndiye mtoto pekee. Wakubwa wake walimruhusu arudi akamlee, lakini zahanati aliyokuwa akiiendesha upande wa Kasekese ingebaki na mlango na kufuli. Akanifuata jikoni jioni moja, macho mekundu.

“Anastazia, nenda ukawe mimi.”

“Na mimi kwa mama yangu atakuwa nani?”

Hakuwa na jibu, na mimi sikumwonea huruma, niseme ukweli. Nikaenda Kabungu kumwuliza mama mwenyewe. Nilimkuta shambani, jembe mkononi, hata hakulitua.

“Nenda. Mimi bado nalima. Ila nakuambia kitu kimoja, usije ukanizika kwa simu. Siku hizi watu wanazikana kwa simu, wanalia humo, wanakata, wanaendelea kupika. Mimi sitaki.”

Nikamwapia kwamba nitamzika kwa mikono yangu. Ni rahisi kuapa mbele ya mtu anayelima.

Ule mji ulikuwa juu ya kilima, bahari iko chini, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na watu wake walikuwa wa mizeituni na milozi kuliko wa samaki. Nyumba zote nyeupe, zinapakwa chokaa kila mwaka kabla ya sikukuu ya mji. Mitaa ni myembamba, mingine ngazi tupu, na gari likipita nyie mnaingia milangoni. Asubuhi kila mwanamke anafagia mbele ya mlango wake, anamwaga maji, na akiwa na moyo mzuri anafagia na mbele kwa jirani. Gari la mikate linapiga honi, wanatoka na vitambaa vyao. Mchana jua likiwa kali mji wote unateremsha mapazia ya mbao madirishani na kulala, na mtu hapaazi sauti hata kama nyoka ameingia. Jioni kila mtu anatoa kiti chake mlangoni, wanakaa mtaa mzima kusemana. Nilipoona hivyo nikajiambia, kumbe ni Kabungu, tofauti ni ngazi tu.

Kujiambia hivyo kulinigharimu. Wiki ya kwanza nilikutana na mzee mmoja mtaani na mkongojo wake, nami nikapiga goti kumwamkia kama nilivyolelewa. Yule mzee akadhani nimeanguka. Akatupa mkongojo, akanishika kwapani kuninyanyua, akakosa nguvu, tukabaki wote chini tunaangaliana. Wiki ya pili nikaenda kuomba chumvi mchana wakati mji umelala, nikapiga hodi ya kwetu, ile ya kusikika mpaka shambani. Madirisha sita yakafunguka. Chumvi nilipewa, lakini kwa vidole viwili.

Lugha haikunisumbua sana. Irabu zao ni zetu, na meza wanaita mesa. Aliyenisumbua ni Bibi Remedios.

Mdomo wake ulikuwa pilipili kichaa. Siku tisa alikataa kuoga, akisema hakuzaa binti ili aogeshwe na mgeni. Siku ya kumi sikumwuliza kama ataoga. Nilileta beseni la maji kitandani nikachukua mkono wake nikauchovya. “Ni ya moto?” Akasema yanachoma. Nikaongeza baridi. “Sasa?” Akasema yamepoa, ni ya kunywesha kuku. Nikaongeza moto. “Sasa?” Akafikiri. “Sasa sawa.” Basi tukaoga. Mtu aliyechagua maji ameshakubali kuoga. Liandikeni hilo, halimo kwenye vitabu vyenu.

Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na kochi la mahameli ya maua, limevikwa plastiki. Mumewe alilinunua aliporudi kutoka kufanya kazi viwandani Ujerumani. Alishakufa zamani, na kochi halikuwahi kukaliwa. “Hilo la wageni,” Bibi alikuwa akisema. Padri akija anapewa kiti cha mbao. Mimi kila Jumamosi nililifuta vumbi juu ya plastiki, huku Bibi ananitazama mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu nisije nikaliegemea.

Jirani wa mlango wa pili aliitwa Enkarna, mwanamke wa miaka sabini, mnene, mwenye magoti mabovu na kicheko kikubwa. Ndiye aliyekuwa akifagia mpaka mbele kwetu. Alinifundisha kukaanga dagaa wao kwa unga, mimi nikamfundisha kubeba mzigo kichwani, akavunja sahani mbili. Mji ule kila nyumba huacha ufunguo wake kwa jirani, na wa Enkarna ulikuwa kwetu, kwenye msumari.

Mume wake akafia hospitali, mji mkubwa wa jirani. Kengele ya kanisa ikapigwa ile ya msiba, Bibi akaniambia aliyekufa ni nani. Mimi nikaona mlango wa Enkarna umefungwa, hakuna mtu, hakuna kilio. Moyo ukaniuma. Nikasema mwenzangu atarudi kwenye nyumba ya msiba haijaandaliwa, watu watakaa wapi? Bibi alikuwa amelala. Nikachukua ufunguo.

Nyie mnajua nilichofanya, maana kila mmoja wenu ameshakifanya. Nilitoa vitu nje. Makochi, meza, viti, runinga, vyote nikavipanga barabarani. Nikafagia sebule, nikatandika mablanketi chini. Nikabandika sufuria kubwa. Nikarudi kwetu nikachukua godoro langu nikalileta, nilale naye hizo siku tatu.

Kumbe wenzetu msiba wao hauko nyumbani. Maiti inawekwa kwenye nyumba maalumu huko mjini, watu wanaenda, wanakaa kwenye viti, wanampa mfiwa mkono, wanarudi kwao kula. Kesho yake wanazika, tena ukutani, jeneza linasukumwa kama droo ya kabati. Enkarna na binti yake walikuwa wamerudi mara moja tu kuchukua suti ya marehemu. Binti alipoona vitu barabarani akapiga kelele za wezi. Enkarna hakupiga kelele. Aliingia ndani, akasimama katikati ya sebule tupu, akanitazama mimi na mwiko wangu.

“Mume wangu hajazikwa,” akasema, “na nyumba yangu imeshahamwa.”

Halafu akalia kwa namna ambayo sitaki kuisimulia. Nilijaribu kueleza, Kihispania chote kikanitoka kichwani. Majirani wakarudisha vitu ndani bila kuniangalia. Binti yake alitaka nifukuzwe, na nisingemlaumu.

Bibi Remedios ndiye aliyeniuliza, siku ile ile, kwa sauti ya kawaida tu. “Kwenu mnatoa vitu kwa nini?”

“Ili watu wapate pa kukaa, Bibi. Aliyefiwa anakaa chini. Na akikaa chini, haachwi akae chini peke yake.”

“Siku ngapi?”

“Tatu. Wengine zaidi.”

“Hapa tunampa mtu mkono,” akasema, “halafu tunaenda kula.” Jioni, viti vilipotolewa mlangoni, akawasimulia majirani wote kwa kejeli zake, jinsi huyu Mwafrika wake alivyotaka kumlaza Enkarna sakafuni na magoti yale. Walicheka. Kiti cha Enkarna hakikuwepo, ila dirisha lake lilikuwa wazi.

Miezi kumi Enkarna hakuzungumza nami. Asubuhi alifagia mpaka kwenye mpaka wa mlango wetu, akasimamisha ufagio hapo hapo.

Katika miezi hiyo mama yangu akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa, mdomo ukapinda. Kaka akamwekea simu sikioni, nikamsikia akitafuta maneno polepole.

“Unamgeuza mama wa mwenzio,” akasema. “Mimi ananigeuza nani?”

Nilisimama jikoni kwa watu, mikono yangu hii iliyosifiwa na kila daktari, na mama yangu amelala upande mmoja Kabungu. Nikampigia Sista Pilar nikamrudishia swali lile lile alilokosa kulijibu siku ile jikoni. Safari hii alilijibu. Jumapili iliyofuata alipanda pikipiki akaenda Kabungu, akamfundisha wifi yangu kukunja kanga mara mbili. Na kila Jumapili baada ya hapo alikwenda, na kabla hajaondoka alipiga picha ya visigino vya mama akanitumia. Visafi, vikavu, vimepakwa mafuta. Nami nikapiga picha visigino vya Bibi Remedios, nikamtumia yeye Sista. Hatukuandikiana maneno mengi. Tulikuwa wanawake wawili wazima tunaotumiana visigino vya mama zetu, na sijapata rafiki kama yule tena.

Nilipanga kurudi. Karatasi zangu za kuishi kule zilikuwa ofisini zikisubiri muhuri, na mtu akitoka kabla ya muhuri harudi. Bibi akasema, “Nenda usirudi, nitakufa na njaa lakini nitakuelewa.” Nikasema nisubiri sikukuu ya mji ipite, labda muhuri utatoka, wiki tatu tu.

Simu ililia mchana, mji umelala. Alikuwa Sista Pilar.

“Anastazia, kaa chini.”

“Nimekaa,” nikasema, nami nimesimama.

Mama alikuwa amekata roho alfajiri, akigeuzwa. Kaka akachukua simu. “Dada, tukungoje?” Joto la Kabungu mnalijua, na mochwari hapo hakuna. Nikahesabu basi, ndege, ndege nyingine, halafu Dar mpaka Mpanda, na bado muhuri.

“Zikeni,” nikasema.

Hilo ndilo neno nililomzikia mama yangu, na nililisema kwenye simu.

Nikaweka mikono kichwani nikalia. Kilio chetu, nyie, hakina sauti ya chini. Nikasikia mapazia ya mbao yakipanda mtaa mzima, moja baada ya jingine, nikashindwa kunyamaza. Halafu nikaona saa ukutani. Saa mbili za kumgeuza Bibi zilikuwa zimetimia. Nikafuta uso, nikaenda kwa Bibi, nikapiga hodi, nikamgeuza, nikaangalia visigino. Mikono ilijua kazi yake, mimi mwenyewe sikuwepo.

“Nani?” Bibi akauliza.

“Mama.”

Hakunipa pole. Alisema, “Nikalishe kwenye kiti changu, halafu uende juu ukaanue nguo.”

Nilidhani hataki kuniona nikilia. Nikapanda darini, juu ya paa, ambako tulikuwa tunaanika, nikakaa kati ya mashuka. Bahari ilikuwa kule chini inang'aa, na nikaichukia, maana hata ng'ambo yake kwetu hakuonekani. Nilikaa mpaka nikasikia kitu kizito kinaburutwa chini, na sauti ya Bibi ikifoka.

“Lisikwaruzwe! Inua upande wako, wewe wa mikate, unakula bure?”

Nikashuka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi pande zote mbili. Kochi la mahameli lilikuwa mlangoni nusu ndani nusu nje, plastiki imechanwa, maua yake mekundu yanaonekana kwa mara ya kwanza. Upande wa nje alikuwa muuza mikate. Upande wa ndani alikuwa Enkarna, uso umemwiva kwa uzito na magoti yanamtetemeka. Sebule ilikuwa tupu. Mablanketi yametandikwa, na pembeni kuna godoro limekunjwa ambalo halikuwa letu.

Enkarna akaliacha kochi, akaja akanishika mkono. Maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miezi kumi yalikuwa haya:

“Na runinga mnatoa? Sikumbuki.”

“Tunatoa,” nikasema.

“Toeni na runinga!” akawapigia kelele wa nje.

Halafu akashika ukuta, akakunja goti moja, akalalamika, akakunja la pili, akakaa chini sakafuni. Akapiga blanketi kwa kiganja pembeni yake. Nikakaa. Wakaingia wengine, wanawake wale wale wa chumvi ya vidole viwili, wakashuka chini mmoja mmoja wakishikana mabega, wengi hawajakaa sakafuni tangu utoto. Hakuna aliyeondoka kwenda kula. Sufuria ya dengu ilitoka kwa Enkarna. Wanaume walileta viti wakakaa nje kama wanaume wa kwetu, moto tu ndio uliokosekana. Enkarna akaniinamia sikioni akasema, “Siku ile, nyumba ilipokuwa tupu, nilitaka nikae chini. Nikaona aibu.” Tukalia pamoja, mume wake na mama yangu kwa mara moja.

Kesho yake Sista Pilar aliniuliza kama aniwekee simu kaburini nisikie. Nikakataa, mama alishasema. Nikamwambia, “Wewe tupa udongo, mkono wako uwe wangu.” Jioni ikaja picha. Jumapili zote zilikuwa visigino, siku hiyo ilikuwa kiganja chake, cheupe, kimejaa udongo mwekundu wa Kabungu. Nikampa Bibi Remedios aione. Aliushika mkono wa binti yake kwenye kioo cha simu kwa muda mrefu, halafu akataka apelekwe nje.

Tukamkalisha kwenye kochi lake, barabarani, kwa mara ya kwanza tangu lilipotoka dukani. Kila aliyepita, Bibi alimwambia, “Mwanangu amefiwa na mama yake, ingia.” Siku tatu kochi lile lilikaa pale. Na siku zote tatu gari la mikate lilipita mtaa wa pili, bila kupiga honi.